Trifon Ivanov au Petar Hubchev: sentahafu kijana amfuate nani?

Muulize mtu aliyefuatilia soka miaka ya tisini akutajie beki mmoja wa Bulgaria. Atakutajia Trifon Ivanov. Ndevu zisizojua wembe, nywele ndefu kisogoni, na jicho la mtu aliyeamshwa usingizini bila ridhaa yake. Walimwita Mbwamwitu. Wenzake wa ukuta ule wamesahaulika karibu wote, akiwemo aliyesimama ubavuni mwake siku nchi ile iliposhinda mechi kubwa kuliko zote katika historia yake. Huyo anaitwa Petar Hubchev.

Nawalinganisha kwa ajili ya kijana anayecheza beki wa kati, na kwa kocha anayemtafutia video za kujifunzia. Kijana huyo akiingia intaneti atakutana na Ivanov kwanza. Atacheka zile ndevu, ataangalia mashuti ya mbali, kisha ataondoka akiamini kwamba beki hucheza hivyo. Msimamo wangu nausema mapema: aanze na Hubchev, Ivanov aje baadaye. Zipo hali ambazo mpangilio huo unageuka, nitazifikia.

Wasifu kwa haraka kwanza:

| | Trifon Ivanov | Petar Hubchev |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | 27 Julai 1965, eneo la Veliko Tarnovo | 26 Februari 1964 |
| Klabu za nyumbani | Etar, CSKA Sofia | Osam Lovech, Levski Sofia |
| Klabu za nje | Real Betis, Neuchâtel Xamax, Rapid Wien, Austria Wien, Floridsdorfer AC | Hamburger SV, Eintracht Frankfurt |
| Timu ya taifa | Mechi zaidi ya 70, mabao 6 | Mechi 35 |
| Mashindano makubwa | Kombe la Dunia 1994 na 1998, Euro 1996 | Kombe la Dunia 1994, Euro 1996 |
| Sifa binafsi | Mchezaji bora wa Bulgaria 1996 | Kocha wa timu ya taifa 2016 hadi 2019 |

Ukisoma jedwali hilo peke yake, mjadala umekwisha. Ivanov ana mechi za taifa mara mbili ya mwenzake, ana mabao, ana tuzo, ana Kombe la Dunia mbili. Ila idadi ya mechi inaonyesha nani alitumika zaidi. Haionyeshi nani anaigika.

Walikotoka

Ivanov alikulia Etar, klabu ya Veliko Tarnovo, mji wa kale wa kaskazini ambao ndani ya kizazi kimoja ulitoa wachezaji kuliko ukubwa wake. Krasimir Balakov, Ilian Kiryakov, Tsanko Tsvetanov na Ivanov mwenyewe, wote walipita pale. Katika mabeki wanne walioanza dhidi ya Ujerumani kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1994, watatu walipitia Etar. Wa nne ni Hubchev, aliyekuja kwa njia nyingine kabisa: Osam ya Lovech, kisha Levski ya Sofia.

Ivanov naye akaenda Sofia mwaka 1988, lakini upande wa pili wa mji, CSKA, klabu ya jeshi. Wakati huo haikuwa ikiitwa CSKA. Fainali ya kombe ya 1985 kati yake na Levski iliisha kwa ngumi na mateke, serikali ikazivunja klabu zote mbili, na zilipofufuliwa zikapewa majina mapya: CSKA ikawa Sredets, Levski ikawa Vitosha. Baadhi ya wachezaji walifungiwa maisha, miongoni mwao mshambuliaji Hristo Stoichkov na kipa Borislav Mihaylov, kabla ya adhabu hizo kulegezwa. Miaka tisa baadaye hao hao waliofungiwa maisha walikuwa nguzo za timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Vyama vya soka duniani vina kawaida ya kutangaza maisha yote na kumaanisha miezi michache.

Pale CSKA, Ivanov alichukua ubingwa wa 1989 na 1990 chini ya kocha Dimitar Penev. Hubchev alionja ubingwa na Levski mwaka 1993.

Jambo lililoamua safari zao lilitokea nje ya uwanja. Chini ya utawala wa kikomunisti mchezaji hakuondoka Bulgaria kwa kujisikia tu. Alisubiri umri usonge na wakubwa wakubali. Tarehe 10 Novemba 1989 Todor Zhivkov aliondolewa madarakani baada ya miaka 35, na milango ikafunguka. Mwaka uliofuata Ivanov akiwa na miaka 25 alikuwa Seville, Real Betis. Hubchev alibaki nyumbani, akaondoka mwaka 1993 akiwa na miaka 29, kwenda Hamburg. Tofauti hiyo ya miaka ina uzito kwa kijana anayeota kusajiliwa nje.

Majira yale ya 1994

Hapa ndipo penye mali, na hapa ndipo wawili hawa wanaweza kupimwa kwenye mizani moja, kwa sababu walicheza pamoja, dhidi ya washambuliaji wale wale, mbele ya kipa yule yule.

Anza mwaka mmoja nyuma. Paris, 17 Novemba 1993, Parc des Princes. Ufaransa ilihitaji sare tu kwenda Kombe la Dunia la Marekani. Eric Cantona akafunga, Emil Kostadinov akasawazisha, na ubao ukasoma 1–1 hadi dakika ya mwisho. David Ginola alikuwa na mpira karibu na kibendera cha kona. Angeushikilia pale, mechi ingeisha. Akapiga krosi ndefu iliyompita kila mtu, Bulgaria wakaenda upande wa pili, Kostadinov akapachika la pili. Wafaransa wanamsema Ginola mpaka leo. Mimi nikiwa na vijana wa kuwafundisha ningewaonyesha dakika thelathini kabla ya bao hilo, namna ukuta wa Ivanov na Hubchev ulivyokaa bila kujifungua wakati sare ilikuwa inawaua wao. Timu inayotafuta bao kwa jasho huwa inavunja umbo lake yenyewe. Wale hawakuvunja.

Halafu Dallas, 21 Juni 1994, na kipigo. Nigeria 3, Bulgaria 0. Rashidi Yekini, Daniel Amokachi, Emmanuel Amuneke. Bao la tatu, dakika ya 55, Amuneke alijirusha na kuupiga kwa kichwa. Watanzania wanamfahamu kwa jambo jingine: ndiye kocha aliyeipeleka Taifa Stars AFCON ya 2019, mara ya kwanza tangu 1980. Mechi ile ni darasa zuri kwa beki kuliko ushindi wowote uliofuata. Angalia jinsi Ivanov anavyovutwa nje ya eneo lake mara kwa mara akimfuata mtu mwenye mpira, na jinsi Hubchev anavyobaki na maamuzi mawili ya kufanya kwa wakati mmoja. Kwa jicho langu, siku ile walikuwa wanacheza kila mtu na mechi yake.

Mpaka jioni hiyo Bulgaria walikuwa wamecheza mechi 17 za Kombe la Dunia tangu 1962 bila kushinda hata moja. Siku tano baadaye wakaifunga Ugiriki 4–0, wakafungua kitabu. Kisha Argentina 2–0, Stoichkov na Nasko Sirakov, huku Tsvetanov akiwa ametolewa kwa kadi nyekundu na Bulgaria wakimaliza pungufu. Hiyo ya Argentina ndiyo ya kwanza ambapo naona mabadiliko. Diego Maradona alikuwa ameshaondolewa mashindanoni kwa dawa zilizopigwa marufuku, ni kweli, lakini Gabriel Batistuta alikuwepo, na hakufunga.

Mexico ilitolewa kwa penalti 3–1 baada ya sare ya 1–1, mechi iliyosimama kwa sababu goli lilivunjika na likaletwa jingine. Tuipite.

Ujerumani ndiyo mtihani wenyewe. Giants Stadium, 10 Julai. Bingwa mtetezi, na mbele Jürgen Klinsmann na Rudi Völler. Mabeki: Kiryakov kulia, Ivanov na Hubchev katikati, Tsvetanov kushoto. Ukitazama mechi nzima, dakika zote 90, utamwona Ivanov mara nyingi sana: anaruka, anasukumana, anabutua, anapiga kelele. Hubchev utamwona mara chache, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kumpima. Klinsmann alikuwa mshambuliaji wa kukimbilia nafasi mgongoni mwa beki. Nafasi hiyo kila alipoitafuta aliikuta imekaliwa. Beki anayefika kabla ya mpira hahitaji kuteleza chini, na asipoteleza kamera haimwangalii.

Bao la Ujerumani halikutokana na mabeki hao. Yordan Lechkov, kiungo, alimwangusha Klinsmann ndani ya eneo la hatari na Lothar Matthäus akafunga penalti dakika ya 47. Völler alifunga jingine likakataliwa kwa kuotea. Halafu dakika tatu zilizobadilisha historia: Stoichkov kwa mpira wa adhabu dakika ya 75, Lechkov kwa kichwa dakika ya 78 kutoka krosi ya Zlatko Yankov. Sentahafu kijana asiishie kumshangilia Lechkov. Amtazame aliyekuwa anamkaba: Thomas Häßler, kiungo mfupi, peke yake dhidi ya mtu anayeruka. Walinzi warefu wa Ujerumani walikuwa wapi? Swali hilo moja linatosha mazoezi ya wiki nzima ya kupanga ukabaji wa krosi.

Nusu fainali Roberto Baggio wa Italia akawamaliza kwa mabao mawili ndani ya dakika tano, dakika ya 21 na ya 25. Bao la kwanza lilianza kwa mpira wa kurusha, kitu ambacho mabeki hukidharau. Baggio akapokea, akawapita watu wawili, akaukunja. Penalti ya Stoichkov haikutosha. Mechi ya mshindi wa tatu dhidi ya Uswidi, 0–4, usimwonyeshe kijana yeyote. Timu ilikuwa imeshamaliza mafuta.

Mmoja anatoka, mwingine anabaki

Tofauti yao naiona hivi. Ivanov ni beki wa kwenda. Mpira ukiwa hewani anaufuata kabla hajajua utaangukia wapi, mshambuliaji akipokea akiwa amegeuzia goli mgongo tayari Ivanov yuko kisigino kwake. Akipora anaondoka nao, na akifika mita thelathini na tano anapiga. Shuti lake lilikuwa silaha halisi. Desemba 1994 huko Cardiff, mechi ya kufuzu Euro, alifungua ushindi wa 3–0 dhidi ya Wales. Tarehe 10 Septemba 1997 bao lake ndilo lililoamua mechi dhidi ya Urusi mjini Sofia, 1–0, na kuipeleka Bulgaria Ufaransa 1998. Beki wa kati anayeamua tiketi ya Kombe la Dunia kwa bao lake si jambo la kila siku.

Gharama yake inaonekana mgongoni. Kila safari ya mbele inaacha pengo, na pengo hilo linahitaji mtu mwenye akili timamu wa kulikalia. Ivanov alibahatika kuwa naye. Mwaka 1998 Hubchev hakuwepo tena, Ivanov alikuwa nahodha na miaka yake ilikuwa inakaribia 33, na Bulgaria walimaliza mkiani: sare tasa na Paraguay, 0–1 kwa Nigeria kwa bao la Victor Ikpeba, na 1–6 kwa Hispania. Sisemi kukosekana kwa mtu mmoja ndiko kulikoleta mabao sita. Kikosi kizima kilikuwa kimezeeka kwa pamoja. Ila ukilinganisha nafasi kati ya mabeki wawili wa kati mwaka 1994 na mwaka 1998, utaona kitu.

Hubchev ni beki wa kubaki. Mwili wake unaelekea pembeni muda mwingi, bega moja kwa mpira na jingine kwa mtu wake, mkao ambao makocha hupiga kelele kuudai na vijana huusahau dakika ya tano. Akipata mpira anautoa kwa pasi fupi kwa kiungo aliye karibu, mara chache sana anabutua. Hana bao la kukumbukwa. Hana hata picha moja maarufu.

Na kabla hujamfanya malaika: kwenye Euro 1996, mechi ya kwanza dhidi ya Hispania mjini Leeds, aliyetolewa kwa kadi nyekundu alikuwa yeye, mtulivu, dakika ya 72. Mbwamwitu alimaliza mechi uwanjani. Bulgaria walipata sare ya 1–1, kisha wakaifunga Romania 1–0, wakafungwa 3–1 na Ufaransa na kurudi nyumbani. Mkao mzuri haukulindi siku umechelewa nusu hatua.

Safari za kazi

Hapa kijana anayefikiria mkataba asome polepole.

Ivanov aliondoka mapema na njia ikamzungusha. Betis ilishuka daraja mwisho wa msimu wake wa kwanza, 1991, ikiburuza mkia. Akarudishwa Bulgaria kwa mkopo, Etar, halafu CSKA. Akaenda Uswisi, Neuchâtel Xamax, mwaka 1993. Akapita tena CSKA. Ukimhesabia mpaka hapo, akiwa na miaka 30, kwenye ngazi ya klabu alikuwa beki mwenye jina kubwa la timu ya taifa na kabati lisilolingana na jina hilo nje ya nchi yake.

Kisha Vienna. Rapid ilimchukua 1995 na msimu wa 1995/96 ukawa bora kuliko yote ya maisha yake ya klabu: ubingwa wa Austria, na fainali ya Kombe la Washindi Ulaya mjini Brussels, 8 Mei 1996. Njiani Rapid iliwang'oa Sporting ya Lisbon na Feyenoord. Fainali walifungwa 1–0 na Paris Saint-Germain kwa mpira wa adhabu wa mbali wa Bruno N'Gotty, beki mwingine. Mwaka huo Ivanov akawa mchezaji bora wa Bulgaria, katika kipindi ambacho Stoichkov, Balakov na Lechkov wote walikuwa bado wanacheza. Msimu uliofuata Rapid ilicheza Ligi ya Mabingwa kundi moja na Juventus, Manchester United na Fenerbahçe, ikamaliza ya mwisho. Mwaka 1997 akavuka kwenda kwa mahasimu wa jiji hilo hilo, Austria Wien, kisha akamalizia Floridsdorfer AC, klabu ndogo ya Vienna, hadi 2001.

Njia ya Hubchev haina hadithi ya kusimulia kijiweni, na ndiyo sababu naipenda. Miaka mitatu Hamburg, miaka mitano Frankfurt. Klabu mbili, nchi moja, misimu minane. Frankfurt alifika mwaka 1996, wakati klabu hiyo imetoka kushuka daraja kwa mara ya kwanza tangu Bundesliga ianzishwe. Mtu aliyecheza nusu fainali ya Kombe la Dunia akashuka naye kucheza daraja la pili. Mwaka 1998 walipanda wakiwa mabingwa wa daraja hilo. Mei 1999 klabu ilinusurika kushuka siku ya mwisho ya ligi kwa ushindi wa 5–1 dhidi ya Kaiserslautern, wakilingana na Nürnberg kwa pointi na tofauti ya mabao, wakawazidi kwa mabao ya kufunga tu. Alipoondoka 2001 Frankfurt ilikuwa inashuka tena.

Sasa chagua. Njia ya kwanza ina kilele kirefu na mabonde marefu: mikopo, kuhama nchi nne, na kilele chenyewe kikaja baada ya miaka 30. Njia ya pili haina kilele cha klabu hata kimoja cha kuning'iniza ukutani, lakini ina mshahara wa Ujerumani kila mwezi hadi umri wa miaka 37. Kwa familia nyingi ninazozijua zenye kijana mwenye kipaji, ya pili ndiyo wangeitamani kama wangeulizwa bila kamera. Na Hubchev aliondoka na miaka 29, umri ambao mawakala wa leo humwambia beki kwamba soko lake limefungwa.

Aliyebeba somo akaenda kulifundisha

Kuna ushahidi mmoja zaidi upande wa Hubchev, nao si wa kucheza. Beki anayesoma mchezo mara nyingi huweza kuufundisha. Akiwa kocha wa Beroe ya Stara Zagora alichukua Kombe la Bulgaria mwaka 2013, na mwaka 2016 akakabidhiwa timu ya taifa, ambayo kwa wakati huo haikuwa na Stoichkov wala kivuli chake.

Tarehe 25 Machi 2017 Uholanzi ilikuja Sofia kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Katikati ya ukuta wao walimpanga kijana wa miaka 17 anayeanza kwa mara ya kwanza, Matthijs de Ligt. Bulgaria wakapeleka mipira mirefu kwake tangu mwanzo. Spas Delev akafunga dakika ya 5, akafunga tena dakika ya 20, na mechi ikaisha 2–0. De Ligt alitolewa mapumziko. Kocha wake, Danny Blind, alifukuzwa siku iliyofuata. Beki wa zamani alijua pa kumgonga beki mpya; kuna ukatili kidogo hapo, lakini ni ukatili wa halali. De Ligt mwenyewe miaka miwili baadaye alikuwa nahodha wa Ajax kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo kijana wako akichapwa mechi ya kwanza usimvue jezi.

Ivanov alifariki dunia kwa mshtuko wa moyo tarehe 13 Februari 2016, akiwa na miaka 50. Kwa hiyo hakumwona mwenzake akiketi kwenye kiti hicho.

Jina la tatu, kwa kocha

Wote wawili walipangwa na mtu mmoja, Dimitar Penev, naye alikuwa sentahafu. Mechi 90 za taifa, Kombe la Dunia tatu kama mchezaji: 1966, 1970 na 1974. Siku aliyotimiza miaka 21, 12 Julai 1966, alikuwa Goodison Park akimkabili Pelé na Garrincha. Brazil ilishinda 2–0 kwa mipira miwili ya adhabu, mmoja wa kila mmoja wao. Mwaka 1973 alikuwa kwenye ukuta wa CSKA iliyoing'oa Ajax, bingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo.

Video zake ni chache na ubora wake ni duni, kwa hiyo simpendekezi kwa kijana. Kocha ndiye amsome, kwa jambo moja: alikuwa na beki wa kwenda na beki wa kubaki, na hakujaribu kuwafanya wafanane.

Basi nani?

Kijana wa chini ya miaka 17, anayejifunza nafasi: Hubchev, bila mjadala. Kimo, nguvu na shuti la Ivanov ni vitu ambavyo kijana anaweza kuwa navyo au asiwe navyo, lakini mkao wa bega na pasi fupi ya kwanza hujifunzwa na yeyote.

Kijana mwenye mwili mkubwa na woga: Ivanov. Huyu nimemwona kila timu. Ana kila kitu, ila akigongana mara moja anaanza kurudi nyuma, na kumwonyesha Hubchev kutampa kisingizio cha kurudi zaidi. Mwonyeshe mtu anayekwenda.

Timu yenye mabeki wawili watulivu na kimya kimetawala nyuma: mmoja wao lazima afundishwe Uivanov kidogo, angalau ule wa mdomo. Timu yenye mabeki wawili wa kwenda: mmoja aketi, au mtafungwa kila wiki kwa mpira mmoja mrefu.

Beki wa pembeni asipoteze muda na hawa wawili. Amtafute Radostin Kishishev, aliyekipiga Charlton Athletic ya Uingereza kuanzia 2000 hadi 2007, mara beki wa kulia, mara kiungo mkabaji. Mechi zake za Ligi Kuu zinapatikana kirahisi na picha ni safi.

Na anayechagua Ivanov kwa sababu ya ndevu tu, namwelewa, ila basi anunue jezi na aache video.

Mpangilio wa kutazama ninaopendekeza: kwanza Nigeria 1994, ili kuona makosa. Kisha Argentina. Kisha Ujerumani mara mbili. Mara ya kwanza fuata mpira kama kawaida, mara ya pili usiangalie mpira kabisa, mfuate namba 5, Hubchev, tangu filimbi ya kwanza, hata anapotembea. Fainali ya Brussels ya 1996 iwe ya mwisho, na hapo mfuate Ivanov akiwa bila Hubchev, uone amejifunza kiasi gani kubaki nyuma.